ANAYEITIKIA ASIJUTE KUJA

Somo: Luka 15:11–32



Nyumbani kwangu kuna mbwa, jina lake Simba. Tulimpata angali mdogo, tukamfuga kwa ajili ya kulinda nyumba na kuku. Alipofikisha kama mwaka mmoja alianza tabia ya kutoroka. Lango likiachwa wazi kidogo tu, yeye ameshapita, anakwenda kufukuza mbuzi wa jirani. Mimi hutoka nje nikamwita kwa sauti kubwa. Akirudi, namshika na kumcharaza fimbo, huku nikimwambia, "Ukome kutoroka!" Nikaona kwamba nimemfundisha.

Lakini kila alipotoroka alizidi kuchelewa kurudi. Mwisho ikawa nikimwita husimama mbali, mkia kati ya miguu, akinitazama tu. Nikipiga hatua moja mbele, yeye hupiga mbili nyuma.

Siku moja alivuka barabara kuu. Nilisimama upande huu nikamwita. Alianza kuja, akafika katikati, akaiona fimbo mkononi mwangu, akageuka. Basi lililokuwa linapita likamgonga mguu wa nyuma. Mungu alimhurumia, akapona, ila hata leo anachechemea.

Jioni ile mjukuu wangu, mtoto wa darasa la tano, aliniambia, "Babu, Simba hajui kama unampigia kutoroka. Anajua ukimwita unampiga."

Ndugu zangu, mimi ni mwalimu. Pale chuo cha ualimu tulisoma habari za Ivan Pavlov, mtaalamu wa Urusi, ambaye mbwa wake walizoea kusikia mlio kabla ya kupewa chakula, hata mlio peke yake ukawatoa mate. Tulisoma pia habari za Edward Thorndike wa Marekani, aliyeandika mwaka 1898 juu ya paka aliowafungia katika masanduku: tendo lililomletea mnyama faida alilirudia, na lisilomfaa aliliacha. Niliyajibu hayo katika mtihani, kisha nikaingia darasani na fimbo yangu. Ilibidi mtoto wa darasa la tano anifundishe upya. Mbwa huunganisha lile alilotenda sasa hivi na lile linalompata sasa hivi. Simba alikuwa ametoroka saa nzima iliyopita. Tendo lake la mwisho lilikuwa kurudi. Basi nilikuwa nampiga kwa sababu ya kurudi.

Tulianza upya, na nitaeleza tulivyofanya, kwa kuwa wengi wetu tunafuga mbwa. Mjukuu alichukua dagaa wachache, akasimama hatua tatu kutoka kwa Simba, akamwita mara moja kwa sauti ya upole: "Simba, njoo." Alipofika tu, alipewa dagaa mmoja papo hapo na kusifiwa. Si baada ya dakika mbili, bali papo hapo, ndipo mbwa aelewe anasifiwa kwa lipi. Baadaye tulimfunga kamba ndefu, tukamwita kutoka mbali zaidi, kwanza uani, kisha nje ya lango. Kila somo lilikuwa la dakika tano, asubuhi na jioni, kabla hajala. Nyumba nzima tulikubaliana kutumia neno lile lile, maana huyu akisema "njoo" na yule "hebu kuja hapa", mbwa atachanganyikiwa.

Kumfundisha kukaa kulikuwa rahisi. Ushike chakula mbele ya pua yake, ukipandishe polepole kuelekea nyuma ya kichwa; akikiinulia macho, atakaa kitako mwenyewe. Hapo sema "kaa", umpe. Na alipowarukia wageni, hatukumpiga teke. Tulimgeuzia mgongo, kimya, mpaka miguu yote minne ikanyage chini, ndipo tukamsalimu. Aliona kwamba kuruka hakumpi kitu.

Sheria moja mjukuu aliikazia kuliko zote: anayeitikia asipigwe kamwe, hata kama amechelewa, hata kama amefanya makosa. Ukitaka kumfunga au kumwogesha, mambo asiyoyapenda, umfuate wewe mwenyewe, usimwite. Ilichukua miezi kabla Simba hajaacha kunikwepa mimi. Mjukuu alimwamini kwa wiki moja, kwa kuwa hakuwahi kumpiga.

Wapo watakaosema huo ni ulegevu. Sivyo. Lango tulilitengeneza, na mbuzi wa jirani hawafukuzwi tena. Tena tazameni hapa kwetu Tanzania. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Panya hawapigwi. Panya akitambua harufu inayotakiwa husikia mlio mdogo, kisha hupewa chakula, kama vile ndizi. Mmoja wao aitwaye Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alipelekwa Kambodia, akagundua mabomu ya kutegwa zaidi ya 70 kabla ya kustaafu mwaka 2021. Mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Kazi ya hatari namna hiyo imefundishwa kwa ndizi, si kwa fimbo.

Sasa tulifungue somo letu. Yule mwana mdogo alitapanya mali, akalisha nguruwe, akakata shauri kurudi. Njiani alitunga maneno ya kuomba awe kibarua tu. Bila shaka alitazamia adhabu. Lakini baba yake alimwona angali mbali, akamkimbilia, akamkumbatia kabla hajamaliza maneno yake. Je, baba hakuona kosa? Aliliona, maana alisema mwanawe alikuwa amekufa na kupotea. Ila alijua kwamba saa ile kijana alikuwa anarudi, na kurudi hakuadhibiwi. Aliyesimama nje na maneno makali ni kaka mkubwa.

Mimi nimekuwa kaka mkubwa huyo. Nilipokuwa mzee wa kanisa, kijana mmoja aliyekuwa ameacha Misa kwa miaka mitatu alirudi Jumapili moja. Nilimkuta mlangoni, nikasema mbele ya watu, "Leo jua limechomoza magharibi!" Watu walicheka. Naye alicheka. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile ya pili. Sikuwaza jambo hilo tena mpaka nilipomwona Simba amelala na mguu umefungwa. Nilikwenda kwa kijana yule nikamwomba radhi. Alinipokea kwa heshima. Kanisani bado hajarudi, na ninamwombea kila siku.

Najua wapo watakaonikumbusha maneno ya Mithali juu ya fimbo. Nayaheshimu. Lakini katika Zaburi ya 23 fimbo ya mchungaji humpa kondoo utulivu; ni ya kumwongoza na kumlinda na mnyama mkali. Tukumbuke pia Balaamu, Hesabu sura ya 22, aliyempiga punda wake mara tatu, kumbe punda ndiye aliyemwona malaika.

Basi tujiulize. Mtoto akija mwenyewe kusema, "Nimevunja sahani," anakutana na nini? Binti aliyepata mimba akirudi kwa wazazi, anasikia neno gani la kwanza? Aliyepotea akirudi kanisani, je, tunamwuliza michango ya miaka iliyopita kabla hata hajapiga goti? Mashauri yatakuwapo, na kutubu kutakuwapo, kwa wakati wake. Lakini la kwanza liwe furaha, na liwe papo hapo.

Mungu hutuita kila siku, nasi tumechelewa mara nyingi. Hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kwake akakuta fimbo mlangoni. Wale tunaowaita kwa jina lake nao wasijute kuja.

Amina.