Amana Isiyoonekana

Thamani ya fedha haimo katika karatasi wala katika madini. Imo katika ahadi. Mtu apokeapo noti hupokea neno la watu wote kuwa itakubaliwa kesho kama ilivyokubaliwa leo. Benki iliongeza ahadi juu ya ahadi. Benki ya mtandaoni imekwenda mbele zaidi: imeondoa meza, karani na kitabu cha akiba, ikabakiza tarakimu juu ya kioo. Basi mtu huikubali amana asiyoiona kwa sababu gani, na ni nini kimfanyacho aridhike nayo?

Mwaka 1989 mtaalamu wa Marekani, Fred Davis, alieleza kuwa watu hukikubali chombo kipya cha kompyuta waonapo mambo mawili: kwamba kina manufaa, na kwamba ni chepesi kutumia. Kenya ilishuhudia ukweli huo katika benki ya simu, ndugu wa benki ya mtandaoni. M-Pesa ilipoanzishwa Machi 2007, haikudai intaneti wala simu ya thamani. Ilitosha simu ndogo, namba ya siri na duka la wakala lililo karibu. Mfanyakazi wa Nairobi aliyezoea kumkabidhi dereva wa basi bahasha ya mama yake, sasa aliweza kuzifikisha fedha zile kijijini kwa muda mfupi. Mwaka 2006 watu wazima wa Kenya waliofikiwa na huduma rasmi za fedha walikuwa kama 27 katika kila 100. Mwaka 2021 walizidi 83.

Lakini kukubali ni jambo moja, kuridhika ni jingine. Wepesi humleta mteja mlangoni. Haki humkalisha ndani. Wepesi ule ule upelekao fedha kwa mama huzipeleka kwa mgeni kidole kikikosea tarakimu moja, au kwa mwizi ajifanyaye mtumishi wa benki. Siku njema kila chombo ni kizuri. Siku mbaya humpima mwenye chombo. Je, mteja atampata mtu wa kumsikiliza? Kosa litasahihishwa? Au hasara itamwangukia mnyonge peke yake kwa kuwa ndiye aliyebonyeza?

Wako wasemao kuwa kila mtu na achunge namba yake ya siri, na asiyechunga asilaumu. Hoja hii ina ukweli, ila ni nusu ya ukweli. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Zamani daftari lilikuwa mkononi mwa mwenye mali. Leo limo katika mitambo ya benki, na mteja huonyeshwa ukurasa mmoja tu. Aliyelitwaa daftari ametwaa na wajibu wake.

Kwa hiyo kuziweka fedha za wateja wa M-Pesa chini ya wadhamini, mbali na mali ya kampuni. Kuonyesha jina la mpokeaji kabla fedha hazijaondoka. Kutaja ada waziwazi. Kusikiliza malalamiko upesi: mambo haya yasihesabiwe kuwa hisani. Ni deni la aliyeaminiwa kwa aliyemwamini. Amana haipimwi siku ya kupokelewa. Hupimwa siku mwenyewe ajapo kuidai.