Deni la Kichupa kutoka Kampala

Je, maarifa yaweza kuwa na wadai? Swali hili huenda likaonekana la wanafalsafa wasio na kazi, lakini mjini Toronto lina mwili na damu. Kanada ni miongoni mwa nchi zilizoelemewa zaidi na maltipo sklerosisi, maradhi ambayo seli za kinga huacha ulinzi na kuushambulia utando wa mafuta unaofunika nyuzi za neva katika ubongo na uti wa mgongo. Zinaposhambulia, ubongo huvimba na kuwaka. Macho hupungua nuru, miguu hukataa amri. Kikulacho ki nguoni mwako, walinena wahenga. Hiki kimo ndani zaidi ya nguo.

Jiji hilo limezichunguza seli hizi kwa muda mrefu. Mwaka 1984 kundi la Tak Mak lilitambua huko jeni ya kipokezi ambacho seli T hukitumia kumjua adui. Mwaka 2019 maabara ya Jennifer Gommerman katika Chuo Kikuu cha Toronto, ikishirikiana na watafiti wa California, ilionyesha kwamba zipo seli za kinga zinazotoka utumboni na kusafiri hadi kwenye ubongo, si kuuchoma bali kuutuliza. Kumbe askari hawa si wa namna moja. Lakini ni nani anayewachokoza wale wanaoasi?

Mwaka 2022 watafiti wa Harvard, baada ya kufuatilia kumbukumbu za wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10, walitoa jibu zito: anayeambukizwa virusi vya Epstein-Barr, hatari yake ya kupata maradhi hayo huongezeka mara 32. Virusi hivyo hujificha ndani ya seli B, yaani ndani ya walinzi wenyewe. Karibu kila mtu mzima duniani anavyo, na walio wengi hawapati maradhi haya. Kwa hiyo si sababu pekee.

Jina la virusi hivyo lina historia inayotuhusu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza mwaka 1958 saratani iliyovimbisha taya za watoto. Machi 1961 alitoa mhadhara London. Anthony Epstein akamsikiliza, akaomba apelekewe vipande vya uvimbe. Desemba 1963 ndege iliyobeba kimojawapo ilizuiwa na ukungu, ikatua Manchester. Kichupa kilipofika London majimaji yake yalikuwa na ukungu wake nayo, ikadhaniwa yameharibika. Epstein akatazama tone kwa hadubini, akaona seli za saratani zilizobanduliwa na mitikisiko ya safari, hai, zikielea. Zikakuzwa, na humo virusi vikaonekana mwaka 1964. Seli ziliitwa EB, kwa herufi za Epstein na Yvonne Barr. Bert Achong, mwenzao mzaliwa wa Trinidad, hakupata hata herufi. Mtoto mwenye kipande kile hakuingia kabisa katika hesabu.

Wapo watakaosema hakuna deni: Burkitt hakuiba, alitibu, na baadhi ya watoto walipona kwa dawa zake. Ni kweli, na hadithi ya wizi haifai hapa. Wengine watataka jina la mtoto lichongwe ukutani. Sioni litamfaa nani. Ninavyoona mimi, deni lipo, na wadai wake ni watoto wa leo wa ukanda wa Ziwa Viktoria, ambako malaria na virusi hivyo hushirikiana kuzaa saratani ileile, na ambako wanaopona ni wachache kuliko wenzao wa nchi tajiri.

Chanjo ya virusi hivi inatafutwa. Katika nchi kama Kanada wengi hufikia ujana bila kuambukizwa, hivyo ni busara kumlenga kijana. Kisumu, wengi huambukizwa kabla ya miaka mitatu, wengine hata kabla ya kutimiza mwaka. Chanjo iliyopimwa kwa kijana wa Toronto itamkuta mtoto wa Kisumu amekwisha kuambukizwa, hata ikigawiwa bure, hata ikisindikizwa na hotuba za shukrani. Kujua kama itamfaa mtoto wa miezi michache, ambaye damu yake bado ina kinga ya mama, kunahitaji jaribio jingine, la gharama kubwa na lisilo na soko. Uamuzi wa kulifanya au kuliacha hupitishwa mapema, pale umri wa washiriki unapoandikwa katika mpango wa utafiti.