Weka Bisibisi Chini Kwanza

Mwanangu, weka bisibisi chini. Nimechoka kupokea taa za muvingi, hizi zenye kichwa kinachogeuka, kutoka Makambako zikiwa na skrubu pungufu na bodi iliyoungua, kumbe kilichozuia kichwa kisigeuke ni lachi ya kusafirishia ambayo hakuna aliyekumbuka kuifungua.

Ukiwasha taa, kichwa hujizungusha chenyewe kikitafuta mahali pa kuanzia. Hapo ndipo pa kutazama, na hapo ndipo ninyi vijana mnaposhika simu. Kikigonga mwisho na kuendelea kusukuma, sensa haisomi: sumaku yake imebanduka, au vumbi limeziba jicho. Kikianza vizuri, kisha kikahangaika mara tu unapokiamuru kutoka kwenye meza ya kuongozea taa, usiifungue taa. Angalia namba yake ya anwani, waya wa DMX unaoleta amri za meza, na ile plagi ya omu 120 inayofunga mstari kwenye taa ya mwisho.

Kama bado, chomoa umeme. Geuza kichwa kwa mkono, polepole, panapokwama utapahisi. Pitisha kidole kwenye mkanda utambue meno yaliyolika. Waya zinazopita kwenye mkono wa taa hukatikia ndani ya ganda kwa kupindwa usiku hadi usiku, kwa hiyo zipime kwa mita huku ukizipinda. Zikiwa zimelala zitakudanganya. Mota mbili za kichwa, ya kugeuza na ya kuinamisha, zikiwa za aina moja, badilishanisha plagi zake kwenye bodi, uwashe kidogo tu. Tatizo likihamia upande wa pili, bodi ndiyo mbovu. Likibaki palepale, shughulika na mota na mkanda wake. Na plagi ya mota usiichomoe umeme ukiwaka, maana bodi nyingi zimekufa hivyo.

Halafu mnasahau tunapoishi. Taa iliyolala garini Njombe mwezi wa Julai, usiku wa sakitu, ukiiingiza kwenye ukumbi uliojaa watu hutoa jasho ndani. Iache ikauke kabla ya kuiwasha. Ile iliyosafiri kwenye Fuso hadi Makambako, kilomita kama 60, isikilize ukiitikisa: kinacholia ndani ni skrubu au plagi iliyolegea.

Kesho ni harusi ya watu, mwanangu, na haitarudiwa. Fika mapema, ziwashe taa zote zikiwa bado chini, na isiyosimama sawasawa usiipandishe.