Pango, Mzimu na Pampasi

Mapango ya kusini mwa Unguja yalikuwa safi kwa sababu ya shirki. Nasema hivyo mimi mwalimu wa chuo, ninayesomesha watoto Juzuu Amma asubuhi na mama zao fikihi jioni, na najua kuna watakaokunja uso.

Bibi yangu hakuingia pangoni na viatu. Hakwenda haja karibu na mdomo wake, hakukata mti uliolifunika, na kabla ya kuteremka kuchota maji alipiga hodi. Mvyale ndiye aliyesimamia mambo hayo: alifukiza ubani, alifunga vitambaa vyekundu na vyeupe, aliwaombea watu mvua na uzazi. Ukilichafua pango, mwenyewe atakuja kukudai. Huyo mwenyewe ni nani, hatukuuliza.

Baadaye tukauliza. Tulisoma, tukasikiliza mawaidha, tukafahamu kwamba haombwi ila Mungu, na kwamba jini wa pangoni, ikiwa yupo, ni kiumbe kama sisi. Somo hilo silijutii na bado nalifundisha. Lakini hofu ilipotoka pangoni, zikaingia pampasi, chupa za maji, magodoro yaliyochakaa na masinki yaliyovunjika kutoka nyumba za wageni za pwani. Gari la taka huja alasiri, wala halijifichi: hurudi nyuma hadi ukingoni, likamwaga. Wazee wakatwambia, "Mnaona? Mlinzi mmemfukuza wenyewe."

Neno hilo lilinisumbua kuliko harufu. Jambo jema lililosimama juu ya itikadi batili lina uzito gani?

Fikihi ya Shafii tuliyolelewa nayo ina jibu, ingawa walioiandika hawakuwa na mapango akilini. Udhu bila nia haufai. Kuondosha najisi, hata hivyo, hakutaki nia. Kanga yenye najisi ikinyeshewa kambani, maji yakaipitia mpaka najisi ikaondoka, imetahirika hata mwenyewe akiwa amelala fofofo. Kwa hiyo ubani wa mvyale naukataa, maana ule ni ibada. Usafi wa pango siukatai. Alichokihifadhi bibi kilihifadhika kweli, iwe alimwogopa nani.

Alihifadhi maji. Maweni kwetu ni matumbawe ya kale yaliyogeuka mwamba, chokaa tupu. Mvua ikipita hewani na kwenye majani yaliyooza hupata tindikali kidogo, na tindikali hiyo, kwa maelfu ya miaka, ndiyo iliyoyachimba mapango. Mto hatuna. Mvua huzama papo hapo nyufani, bila udongo wa kutosha kuichuja, ikafika chini kwenye maji matamu yanayoelea juu ya maji ya bahari. Visima vya vijiji vyetu vinachota humohumo. Mzigo wa gari lile ukishalowa, jasho lake linakwenda kwenye ndoo ya mtu.

Mwanafunzi wangu mmoja, msichana mbishi ninayempenda kwa ubishi wake, alinishika hapo. "Ukti, maji ya pango yanapita kulateni, kile kipimo cha maji mengi. Hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Sasa tatizo liko wapi?" Kwa udhu, amesema kweli. Ila mlango wa tohara unatwambia maji gani yanafaa kwa sala, na kipindupindu hakina rangi wala ladha. Nikamkumbusha kwamba Mtume alikataza watu kwenda haja kwenye maji, njiani na kivulini. Tazama mahali pote patatu: kuna mtu atakayekuja baada yako, akiwa na kiu au amechoka na jua. Huyo ndiye wa kuogopwa kumdhulumu, na wala haishi pangoni.

Hakutosheka, akanipeleka kwenye pango jingine. Katika pango la Kuumbi, kule Jambiani, Profesa Felix Chami na watafiti waliomfuatia walichimba, na miongoni mwa yaliyopatikana ni mifupa ya pundamilia, wa zama ambazo Unguja ilikuwa imeungana na bara, kiasi cha miaka 20,000 iliyopita. "Zile si taka, Ukti? Mbona za wao mnaziita historia?" Nilicheka kwanza. Ni taka, ndiyo, mabaki ya mlo wa watu. Lakini mfupa huoza au hugeuka jiwe, na kombe la chaza ni chokaa kama mwamba wenyewe. Likitupwa pangoni limerudi kwao. Pampasi haina kwao popote, na kwa kuwa mimi pia nimelea watoto nazo, simnyooshei kidole dereva peke yake.

Mjukuu wa mvyale alishauri tuvirudishe vitambaa vyekundu pale mlangoni, watu waogope. Wengi walimuunga mkono, hata wasioamini. Nilikataa, na si kwa ajili ya tauhidi tu: kumtisha mtu kwa kitu usichokiamini ni uongo. Tena dereva yule si wa huku, mzimu wetu hata hamjui. Tukaziba njia ya gari kwa mawe makubwa, tukaacha upenyo wa mtu na ndoo yake. Gari likahamia pango la kijiji cha pili. Sheha wetu amekwenda kuzungumza na mwenzake wa huko, na Ijumaa nitakwenda mimi kwa wanawake wao, jibu la kulateni nikiwa nalo mkononi, maana najua wataniuliza.