Je, Mwenye Nauli Ndiye Mwenye Njia?

Katika maswali ya maadili yapo makubwa ambayo wanafalsafa wameyaandikia vitabu vinene, kama vile haki ni nini, na nani astahili kutawala. Yapo pia madogo yanayotukuta barazani, tumekaa mkekani na kahawa mbele yetu, nasi hatutambui kwamba ni yale yale makubwa yaliyovaa nguo za nyumbani. Swali ninalotaka kulijadili hapa ni la aina hiyo ya pili. Jamaa wa ukoo mmoja wanapopanga kusafiri pamoja, na mmoja wao ndiye atakayelipa gharama, je, huyo ndiye mwenye haki ya kuamua waende wapi, lini, na kwa mwendo gani?

Mfano nilionao ni wa nyumbani kwangu. Mwanangu wa kwanza anafanya kazi Dubai, naye kwa miaka mingi alitamani kutukusanya sote katika safari moja: yeye na mkewe na watoto wao wawili, binti yangu na mumewe na watoto wao watatu, kitinda mimba wangu aliye chuoni, na mimi mzee wao. Jumla watu 11, siku 14, nchi tatu. Alitutumia mpango kamili. Siku nne Dubai, pamoja na kupanda lile jengo la Burj Khalifa lenye urefu wa mita 828. Kisha kwa magari mawili hadi Maskati, mwendo wa kilomita 450 hivi, na kulala huko usiku mmoja. Kisha usiku mitatu katika mahema, kwenye jangwa la mchanga la Wahiba. Kisha Nizwa, na milima ya Jebel Akhdar na Jebel Shams. Mwisho, ndege hadi Kilimanjaro, tupande sote kwa miguu kutoka lango la Marangu hadi kituo cha Mandara, mita 2,720 juu ya usawa wa bahari. Na haya yote mwezi Julai, kwa kuwa ndipo apatapo likizo.

Ulikuwa mpango mzuri, wala sipendi msomaji adhani namdharau aliyeupanga. Lakini ulikuwa na mambo matatu ndani yake. Julai joto la Omani hupita digrii 40, na mjukuu wangu mdogo hajatimiza hata mwaka. Maskati tulipewa usiku mmoja, na huko ndiko aliko dada yake marehemu mke wangu, ambaye wanangu humwita mama mkubwa. Bibi huyo aliondoka Unguja na mumewe mwaka 1972, wakati Waomani wengi wa Afrika Mashariki waliporejea huko baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970. Sasa amepita miaka 80, na kila tuzungumzapo kwa simu huniuliza, kwa Kiswahili chake kile kile cha Mji Mkongwe, kama ataziona sura za watoto wa mdogo wake kabla hajafa. Jambo la tatu lilimhusu mkwe wangu, mume wa binti yangu, mwalimu wa shule ya msingi. Wengine wote walipokuwa wakibishana, yeye alinyamaza. Nilipomwuliza maoni yake, alijibu kwa adabu, "Baba, mimi sikuchangia hata senti moja. Asiyechangia hana neno." Siku chache baadaye nikasikia kwamba ana mitihani ya kusahihisha, pengine hataweza kuja.

Hebu tuanze kwa kumtendea haki mwenye nauli. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na methali hiyo haikutoka hewani. Fedha za mwanangu si fedha zilizookotwa. Ni saa za kazi, ni usiku mbali na nyumbani, ni nguo ambazo hakununua. Aliyetoa jasho lake ana haki ya kuulizwa litumike vipi. Pili, hapana safari isiyo na kiongozi. Penye wengi pana mengi, na kamati ya watu 11 yaweza kujadili mpaka watoto waote ndevu. Tatu, na hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, zawadi ambayo mtoaji hana neno juu yake si zawadi tena bali ni kodi. Ukimwambia mtu, "Lete fedha zako, sisi tutaamua," umemnyang'anya furaha ya kutoa, ambayo ndiyo malipo pekee aliyoyataraji.

Hoja hizo nazikubali. Hata hivyo yafaa tuulize, fedha hununua nini hasa? Hununua tiketi, vyumba, mafuta ya gari na chakula. Hazinunui magoti ya mzee wala pumzi ya mtoto mchanga. Wala hazinunui ulimi wa mtu. Nikikualika karamuni, ni haki yangu kuchagua chakula kitakachopikwa, lakini si haki yangu kukulisha kwa nguvu, wala kukukataza kusema kwamba pilipili yakudhuru. Zawadi inayomfanya aliyepewa aone kwamba amepoteza haki ya kusema imegeuka kuwa biashara, na bidhaa iliyouzwa ni yeye mwenyewe. Mkwe wangu hakuambiwa na mtu yeyote kwamba hana neno. Alijiambia mwenyewe, na hilo ndilo baya zaidi, kwa sababu mtu akinyamazishwa na mwingine yaweza kusikika, lakini akijinyamazisha mwenyewe nyumba nzima hudhani kuna amani.

Katika kusoma habari za nchi tuliyokusudia kwenda, nilikuta jambo lililonisaidia kufikiri kuliko hoja zangu zote. Omani ni nchi kavu, na kwa karne nyingi watu wake wameishi kwa mifereji iitwayo falaj, ambayo hupitisha maji chini ya ardhi kutoka kwenye chimbuko miguuni mwa mlima hadi mashambani, bila pampu, kwa mteremko tu. Mifereji kama 3,000 ingali ikitumika, na mitano kati yake, ukiwemo ule wa Daris ulio Nizwa, iliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya Urithi wa Dunia. Maji ya falaj yana wenyewe. Kila mwenye hisa hupata zamu yake ya saa, ambayo zamani ilipimwa mchana kwa kivuli cha mti uliosimikwa, na usiku kwa nyota. Hisa hizo huuzwa na kurithiwa kama shamba. Lakini kabla maji hayajafika kwenye mgawanyo wa wenye hisa, hupita kwanza mahali ambapo kila mtu aruhusiwa kuchota ya kunywa, awe mwenyeji au mpita njia, awe na hisa au asiwe nayo. Baada ya hapo ndipo huja msikiti na mahali pa kuogea, na mwishoni kabisa mashamba ya wenye mali.

Tazama hekima ya mpango huu. Haukufuta milki. Mwenye hisa 20 si sawa na mwenye hisa moja, wala hakuna aliyejifanya kwamba ni sawa. Lakini kiu huja kabla ya hisa. Yapo mambo ambayo mtu huyapata kwa sababu amechangia, na yapo mambo ambayo huyapata kwa sababu yupo. Ubishi mwingi wa majumbani, na labda wa mataifa, hutokana na kuchanganya mafungu haya mawili.

Jangwa na mlima nao hufundisha somo hilo hilo, tena kwa ukali kuliko mwalimu yeyote. Jijini kila mtu aweza kwenda njia yake na jioni mkakutana mezani. Mchangani sivyo. Madereva wa jangwani hupunguza upepo katika magurudumu, nao hupenda kwenda gari zaidi ya moja, kwa sababu moja likizama lingine hulivuta. Gari lenye nguvu likiyaacha mengine nyuma limeiacha na kamba ya kujiokolea. Kule Kilimanjaro waongozaji huwaambia wageni "pole pole" tangu hatua ya kwanza, wala si kwa sababu ya wazee peke yao. Juu hewa ni nyepesi, na maradhi ya mwinuko hayajali ujana. Kijana mwenye misuli anayepanda mbio aweza kuteremshwa kwa machela, naye bibi aliyetembea taratibu akafika. Kutangulia si kufika.

Katika kitabu cha Mwanzo mna kisa ambacho nimekitumia mara nyingi mbele ya walimu wanafunzi. Esau alikuja kumlaki ndugu yake Yakobo akiwa na watu 400, akamtaka waandamane. Yakobo akamsihi atangulie, kwa kuwa yeye ana watoto wadogo na mifugo inayonyonyesha, na wakikimbizwa siku moja tu wanyama watakufa. Yeye atakwenda polepole, kwa mwendo wa watoto. Yakobo hakuwa maskini. Mifugo ilikuwa yake, na msafara ulikuwa wake. Lakini alijua kwamba mwenye msafara ndiye wa kwanza anayepaswa kutazama miguu midogo.

Hapa naisikia sauti ya kitinda mimba wangu ikipinga, na haki yake isikilizwe. Alisema, "Baba, tukienda kwa mwendo wa mtoto mchanga, si tutabaki hotelini tukibadilisha nepi?" Hoja hii ina uzito. Upo udhalimu wa wenye nguvu, na upo pia udhalimu wa wanyonge, pale ambapo mgonjwa mmoja huwafunga wote kitandani, au mzee hutumia uzee wake kama fimbo. Mwanafalsafa wa Marekani John Rawls, katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu nadharia ya haki, alishauri kwamba tukitaka kutunga kanuni za haki tujifanye hatujui tutakuwa nani katika jamii hiyo. Nilimpa mwanangu jaribio hilo. Tuseme hujui kama katika safari hii utakuwa kijana wa miaka 20, au mama anyonyeshaye, au mkwe asiye na kitu mfukoni, au bibi anayengojea mlangoni Maskati. Ungetunga ratiba gani? Nadhani usingetunga ratiba ya kulala hotelini siku 14. Kadhalika usingetunga ratiba ya Julai.

Jibu basi limo katika kutenganisha haja na hamu. Haja ni lile ambalo mtu akilikosa huumia mwili au utu wake. Hamu ni lile ambalo akilikosa husikitika. Haja zikae juu ya fedha, na fedha zikae juu ya hamu. Nikapendekeza kwamba kila mmoja, aliyechangia na asiyechangia, ataje jambo moja asiloweza kulivumilia na jambo moja ambalo angependa sana lisimpite. La kwanza litakuwa sheria kwetu sote. La pili litakuwa ombi, na neno la mwisho juu ya maombi litabaki kwa mwenye nauli.

Zamu ya mkwe wangu ilipofika alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema kwamba ombi lake ni kusimama kando ya falaj ya Nizwa, kwa kuwa hufundisha habari za umwagiliaji na hajapata kuona mfereji ila ule wa kuchora ubaoni. Na asiloweza kulivumilia ni kupewa fedha za matumizi mkononi mbele ya wanawe. Mwanangu alinyamaza, akajibu, "Shemeji, hilo halikunipitia akilini." Likaamuliwa kwamba fedha za chakula na za njiani zitakuwa katika mfuko mmoja utakaoshikwa na binti yangu, na kila atakayetumwa mkate atachukua humo, awe nani.

Safari ikahamishiwa Desemba, shule zikiwa zimefungwa na jangwa likiwa na baridi yake ya usiku. Dubai ikapunguzwa ikawa siku mbili, na Maskati ikapewa usiku mitatu. Marangu vijana watapanda hadi Mandara na kurudi, nasi wengine tutawangoja migombani. Jebel Shams imeondolewa, na lile korongo kuu la Wadi Ghul ambalo mwanangu alikuwa akilitazama katika picha tangu alipohamia Uarabuni hataliona safari hii. Si haki kusema kwamba hakupoteza kitu. Alipoteza, na alikuwa radhi. Likizo yake pia imebidi aigawe mara mbili.

Ninapoandika haya Desemba haijafika. Huenda gari likazama mchangani, huenda mawingu yakauficha Kilimanjaro siku zote tutakazokuwa huko. Hayo hayatabatilisha tulichoamua, kwa maana usahihi wa uamuzi haupimwi kwa bahati iliyoufuata, bali kwa namna watu walivyotendewa ulipokuwa ukifanywa. Mwenye nauli ana nauli, na ashukuriwe kwa hiyo. Njia ni ya miguu yote itakayoipita. Na ile mitihani ya kusahihisha, nasikia imepata mtu mwingine wa kuisahihisha.