Nafasi ya Jina

Je, ni halali kuuza neno la baraka? Mwenye kiwanda kidogo cha kuchapa kadi mjini Mwanza hukutana na swali hili kila siku ya kazi, hata kama halitamki. Kadi ya harusi, ya Kipaimara, ya Krismasi, ya pole: zote hubeba maneno aliyoyaandaa yeye, kwa niaba ya mtu asiyemjua, yamfikie mtu mwingine ambaye hatamwona kamwe. Mteja hutia jina tu.

Sisi Walutheri tuna sababu ya kulitazama jambo hili kwa makini. Miongoni mwa machapisho ya kwanza ya herufi za risasi kule Ujerumani ni vyeti vya msamaha vya mwaka 1454 na 1455. Maneno yote yalikuwa yamekwisha kupangwa. Iliachwa wazi nafasi ya jina la mnunuzi na ya tarehe. Mwaka 1517 Martin Luther alipoipinga biashara ya vyeti vya namna hiyo, mashine zilezile zilieneza hoja zake. Basi tusiilaumu mashine. Wala tusiseme kwamba neno limekufa kwa kuwa limechapwa, kwa maana kila Jumapili tunafungua Tumwabudu Mungu Wetu na kuimba maneno ambayo hatukuyatunga, na tunaimba kwa moyo.

Hatari iko katika ile nafasi ya jina. Anayeijaza anajitoa mwenyewe, au ananunua ruhusa ya kutokwenda? Yakobo, katika sura ya pili, anamsema mtu anayemwaga mwenye njaa kwa maneno mazuri bila kumpa chochote. Kadi nyingi ni hivyo.

Zamani kazi yenyewe ilimpunguza mtu kasi. Katika kiwanda cha misheni ya Askofu Steere huko Zanzibar, karne ya 19, vijana waliookolewa utumwani walipanga kurasa herufi moja moja, zikiwa zimegeuzwa kama kwenye kioo. Neno lililopita vidoleni kwa namna hiyo si rahisi kulichapa bila kulisoma. Leo kompyuta hunakili maneno ya harusi ya mwaka jana, hubadilishwa majina, kazi imekwisha.

Hapo ndipo kadi ya mchango inapotusumbua. Juu kuna shukrani kwa Mungu na mstari wa Biblia. Katikati furaha ya familia. Chini kiwango: mtu mmoja kiasi hiki, wawili kiasi hiki. Anayeipokea huenda ni mama muuza dagaa wa Mwaloni, na jina lake limekwisha andikwa. Mchango wenyewe ni desturi njema, nasi tusingependa ufe, kwa kuwa harusi ni ya ukoo na majirani. Lakini jina la Mungu likisimama juu ya bei, mama yule anaisoma kama ankara, na asipokuwa nacho haji hata kanisani kuwaona maharusi wakibarikiwa.

Je, mchapaji ana sehemu yake? Tunasema anayo, ingawa ndogo. Moyo wa kamati si wake, ila mistari yote miwili ameipanga yeye. Anaweza kuwaomba wasichape kiwango, kila mtu atoe alivyojaliwa. Kamati nyingine itakataa, itavuka barabara kwa mchapaji wa pili, na kodi ya chumba inadaiwa mwisho wa mwezi. Hatuwezi kumwambia kuwa hatapata hasara. Wakati mwingine ataipata. Tunachoweza ni sisi wachungaji, tunaoketi katika kamati hizo, kulisema hilo kabla kadi hazijapelekwa kiwandani.

Na kadi ya pole, ichapwe maneno machache tu. Nusu ya karatasi iachwe nyeupe, ili mwenye kuituma aandike kwa mkono wake alimjua marehemu namna gani, na siku gani atakuja.