Kazi Ikihamia Kwangu, Nani Amebaki Bila?



Hivi, kampuni ya ng'ambo ikiwaachisha kazi wataalamu wake wa kompyuta, halafu kazi yao ikaletwa Nairobi kwa sababu sisi tunalipwa kidogo, kijana anayeipokea anatenda dhambi? Nauliza nikiwa upande wa wanaopokea, kwa hiyo swali hili linanihusu.

Mwaka 2014, kampuni ya Disney iliwaarifu wafanyakazi wake wa kompyuta wapatao 250 huko Orlando, Marekani, kwamba ajira zao zinafika mwisho. Kazi zao nyingi zilipewa watu walioletwa na kampuni ya India. Kabla ya kuondoka, baadhi yao walitakiwa wawafundishe kazi hao wanaochukua nafasi zao. Jamani! Umekaa kazini miaka mingi, halafu kazi yako ya mwisho ni kumfundisha atakayekalia kiti chako.

Hapo uzoefu unageuka kuwa kosa. Mshahara uliopanda kwa sababu unaijua kazi ndio unaokufanya uonekane ghali. Hata anayebakizwa, mara nyingi hatengenezi programu tena. Anasimamia mikataba na kufuatilia kazi za watu walio mbali.

Lakini na kijana wa huku kwetu ana haki ya kula. Katika Injili ya Mathayo sura ya 20, wapo waliosimama sokoni mpaka saa kumi na moja kwa sababu hakuna aliyewaajiri. Mwenye shamba hakuwalaumu kwa kuhitaji kazi, aliwaita. Kwa hiyo kupokea kazi, kwenyewe, sioni kuwa dhambi.

Dhambi naiona kwingine. Mwaka 1981, Mtakatifu Yohane Paulo II katika waraka wake Laborem Exercens alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, siyo mtu kwa ajili ya kazi. Akaongeza jambo tunalolisahau: mbali na yule anayekuajiri moja kwa moja, wapo wengine wanaopanga masharti ya kazi yako bila kusaini mkataba wako, na wao pia wana wajibu. Yaani mteja wa mbali anayebana bei hawezi kunawa mikono kama Pilato. Anadaiwa haki na yule aliyeachishwa Orlando, na anadaiwa haki na wewe unayekesha kwa malipo kiduchu.

Na sisi je? Tukimcheka mzee wa watu kwamba amepitwa na wakati, tumeshakubali kwamba mtu ni bei yake tu. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Kazi iliyokuja kwako kwa sababu wewe ni rahisi itaondoka siku atakapopatikana aliye rahisi zaidi.

Basi, rafiki, ukikabidhiwa kazi na mtu anayeondoka, mjue jina. Mshukuru kwa anachokufundisha, mwombee yeye na watoto wake. Halafu soma mkataba wako vizuri, na usiogope kudai haki pamoja na wenzako. Kunyamaza ili uendelee kuwa rahisi siyo unyenyekevu.

Ee Yesu, uliyefanya kazi kwa mikono yako Nazareti, wakumbuke walioachishwa kazi leo, na utufundishe kula mkate wetu bila kumdharau aliyeukosa. Amina.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.